Nguvu ya Boti ya Faiba Iko Ngamani

Mtu akija kununua boti ya faiba hapa Tanga, iwe ufukweni Sahare au pale Deep Sea, utamwona anaizunguka. Anaupiga ubavu kwa kiganja, anatazama rangi, anauliza mashine ni ya nguvu ngapi na imefanya kazi miaka mingapi. Ni nadra kumwona akipiga magoti, akainua ubao wa sakafu na kuingiza kichwa ngamani, yaani ndani ya tumbo la boti chini ya sakafu. Na huko ngamani ndiko thamani ya boti ilikojificha, maana ndiko zinakolala stringa: mihimili mirefu inayotoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), iliyogandishwa kwenye tumbo la boti kwa matabaka ya faiba, kisha ikafunikwa na sakafu tusiione tena. Stringa zikiwa nzima, boti iliyochujuka rangi bado ina maisha marefu mbele yake. Zikiwa zimeoza, boti inayong'aa ni ganda tu.

Nayaandika haya kwa sababu boti za faiba zinaongezeka katika pwani yetu. Mbao nzuri zimekuwa ghali, na Serikali nayo imekuwa ikikopesha vikundi vya wavuvi boti za aina hii. Mafundi wetu, watu waliokua na tezo mkononi, wanaletewa vyombo hivi vikiwa vimepasuka na kutakiwa wavitengeneze kwa akili ya mbao. Akili ya mbao inasaidia sana. Lakini pana mahali inapotosha, na mahali penyewe ni kwenye stringa.

Tuanze na chombo tunachokijua. Jahazi au mashua ina mkuku (uti wa mgongo wa chombo), ina mataruma (mbavu zake), na mbao zimepigiliwa misumari juu ya mataruma hayo. Ubao wa jahazi ni mnene na ni mgumu wenyewe. Ukiushika ncha mbili haukubali kupinda kirahisi. Mataruma yanazishika mbao zisiachane na kulilinda umbo la chombo, lakini mbao zenyewe zimekwisha beba sehemu kubwa ya ugumu unaotakiwa.

Ngozi ya faiba haiko hivyo. Faiba iliyotengenezwa kwa mati (shuka la nyuzi za kioo) na poliesta (resini, yaani majimaji yanayoiva yakawa magumu) ina nguvu ya kutosha ya kutokatika, ila ni nyepesi kupinda. Ukichukua vipande viwili vyenye unene sawa, kimoja cha chuma na kimoja cha faiba ya mati, cha chuma ni kigumu kupinda zaidi ya mara 20. Na boti ndogo ya uvuvi huwa na ngozi ya milimita chache tu. Ni habari ya bati: likiwa bapa linapepea mkononi, likipigwa mikunjo linambeba mtu juu ya paa. Stringa ndizo mikunjo ya boti ya faiba.

Teknolojia yenyewe si ya kale. Boti ya faiba na poliesta inayotajwa sana kuwa ya kwanza ni ile aliyoijenga Ray Greene kule Ohio, Marekani, mwaka 1942. Wajenzi wengi wa mwanzo hawakuiamini sana faiba, wakawa wanaimwaga kwa unene mkubwa, ndiyo maana boti za zamani huwa nzito na ngumu kufa. Baadaye hesabu ikaeleweka, na hesabu hiyo inafaa kila mwenye boti aijue, kwa kuwa inaonyesha pesa ya resini iende wapi.

Ukiongeza unene wa ngozi mara mbili, ugumu wake unapanda mara 8. Ni vizuri, lakini uzito nao umepanda mara mbili, na gharama pia. Sasa iache ngozi kama ilivyo, upunguze nafasi kati ya stringa na stringa kwa nusu, tuseme kutoka sentimita 60 hadi 30. Kupinda kwa ngozi ileile katikati ya stringa hizo kunashuka hadi sehemu moja ya 16. Na stringa yenyewe ina hesabu yake: ukiipandisha kimo mara mbili, ugumu wake unapanda mara 8, ukiinenepesha mara mbili bila kuongeza kimo, unaambulia mara 2. Kwa hiyo stringa refu kwenda juu ni bora kuliko stringa nene iliyolala chini. Ukimwona fundi anapunguza kimo cha stringa ili sakafu ishuke abiria wakae vizuri, mzuie.

Bahari inafanya nini juu ya ngozi hii? Miezi ya upepo wa kusi, boti inayokwenda upande wa mkondo wa Pemba kwa mwendo wa kasi inalipiga wimbi kwa theluthi yake ya mbele. Kila pigo linaisukuma ngozi ndani, kisha inarudi. Kama nafasi ya stringa ni kubwa, ngozi inaingia na kutoka mara maelfu kwa maelfu, hadi resini inaanza kuachana na nyuzi, jelkoti (tabaka la nje linalong'aa) inapasuka nyufa nyembamba, na maji yanapata njia. Nyuma kuna mashine. Mashine ya nguvu za farasi 40 ina uzito wa zaidi ya kilo 70, na inaisukuma boti yote kupitia ubao wa tezi. Msukumo huo unatakiwa uwe na pa kwenda: utoke kwenye ubao wa tezi, upite kwenye vishikizo vya pembetatu, uingie kwenye stringa na kusambaa mwili mzima. Stringa ikiishia sentimita kumi kabla ya kuufikia ubao wa tezi, bila kuungwa nao, kazi yote inabebwa na ngozi peke yake.

Tena sisi tuna jambo ambalo wenye magati ya kuelea hawalijui vizuri. Bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, hapa Tanga inapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yakitoka, boti zinakaa juu ya mchanga, nyingine juu ya mawe ya matumbawe. Wavuvi wakiiviringisha boti juu ya magogo kuipandisha pwani, uzito wake wote unasimama mahali pawili patatu. Sehemu hizo zikiangukia katikati ya stringa mbili, ngozi inabonyea. Boti yetu inapigwa ikiwa majini, na inapigwa tena ikiwa nchi kavu.

Sasa tuingie ndani ya stringa yenyewe. Ukiikata kwa upana utaona umbo la kofia: juu pamelala bapa, mbavu mbili zinashuka, na chini kila upande kuna ukingo wa faiba uliotandazwa juu ya ngozi ya boti na kushikana nayo. Ile sehemu ya juu ndiyo inayovutwa na kubanwa boti inapotaka kupinda, kwa hiyo mjenzi mzuri huiongezea matabaka yenye nyuzi zinazokwenda urefu. Mbavu zinazuia juu na chini visiteleze kila kimoja njia yake. Ukingo wa chini unaifanya stringa na ngozi viwe kitu kimoja. Na katikati ya kofia kuna kitu kilichoipa umbo wakati faiba ilipokuwa mbichi. Kinaweza kuwa ubao, plaiwudi, au povu gumu. Wapo wajenzi waliotumia hata mabomba ya karatasi ngumu yaliyopasuliwa kati.

Karatasi! Hapo ndipo mtu anapopaswa kusimama na kujiuliza: basi anayebeba mzigo ni nani? Jibu ni kwamba inategemea unene wa faiba iliyofunika. Kama kofia ya faiba ni nene ya kutosha, ndiyo stringa, na kilichomo ndani ni kalibu (kitu cha kutolea umbo) iliyosahauliwa humo. Hata kikioza au kikalowa, boti inaendelea kufanya kazi. Kama faiba ni nyembamba na ndani mna ubao, basi ubao ndio stringa na faiba ni koti la kuzuia maji tu. Ubao huo ukioza, hakuna kilichobaki.

Kwa nje stringa hizi mbili zinafanana kabisa. Ndiyo maana mabishano ya vijiweni kuhusu mbao na povu huwa yananisikitisha: watu wanabishana juu ya kilichomo ndani ya kofia bila kupima kofia. Muuzaji anakwambia, "Hii haina ubao hata mmoja, haiozi." Pengine ni kweli, lakini povu lenyewe halibebi kitu. Likifunikwa na faiba ya milimita 2, umenunua stringa isiyooza na isiyofanya kazi. Stringa ya ubao mzuri, iliyofunikwa ipasavyo na kuzibwa kila tundu, ningeichagua kuliko hiyo bila kusita.

Unene unakadirika. Tabaka moja la mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba, likilowa resini vizuri kwa kazi ya mkono, huacha unene wa kama milimita 1. Ukikata kidirisha kidogo kwenye stringa na kupima, unajua yalipita matabaka mangapi. Kwa mati, kila kilo moja hunywa resini kilo 2 na kitu; ikizidi sana unapata kitu kinachong'aa na kuvunjika, ikipungua unabaki na nyuzi kavu zinazokunywa maji.

Mkao wa stringa juu ya ngozi ndio mahali akili ya mbao inapopotosha. Fundi wa jahazi anachonga ubao ukae sawasawa mahali pake, hata unywele usipite, na ndio ufundi wenyewe. Ukifanya hivyo kwenye boti ya faiba, ule ukingo wa ubao unaweka mstari mgumu juu ya ngozi inayopinda. Wimbi likipiga, ngozi inapinda kushoto na kulia kwa mstari huo lakini haipindi palepale ubao ulipo. Baada ya muda ufa unatokea nje, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Stringa inatakiwa ikae juu ya puti laini au kipande chembamba cha povu, ubao wenyewe usiiguse ngozi.

Nilimweleza hivyo mzee mmoja wa Mwambani, fundi wa mashua ambaye kazi yake ipo baharini mpaka leo. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, ubao usipogusa tumbo la chombo, utabeba nini?" Nikamwambia, "Mzee wangu, mzigo unapita kwenye miguu ya faiba huku na huku, haupiti chini ya ubao." Hakujibu. Akachukua kipande cha mati, akakilaza kwenye kona ya ubao na sakafu ya boti, akaona kinavyogoma kuingia kwenye kona kali, kinainuka na kuacha uwazi chini yake. "Hapa pana hewa," akasema. "Hapa lazima pajazwe kitu, pawe mviringo." Kazi ya puti ya pembeni haikuhitaji maelezo tena.

Kona ikishajazwa, matabaka yanapandishwa kwa ngazi: la kwanza litambae sentimita 5 juu ya ngozi, la pili 7 na nusu, la tatu 10, ili unene upungue taratibu. Vilevile ncha ya stringa isikatwe ghafla katikati ya boti. Iishie kwenye kiambaza (ukuta wa ndani ya boti), au ishushwe kimo polepole hadi ipotee. Stringa iliyokatwa ghafla huacha mahali pa kupasukia palepale inapoishia.

Tena kuna suala la kushikana. Boti ikiwa bado mpya ndani ya kalibu, resini haijaiva sana, tabaka jipya la poliesta linaungana na la zamani kikemikali. Resini ikishaiva kabisa, mlango huo umefungwa. Tabaka jipya litashika kwa kung'ang'ania mikwaruzo tu. Kwa hiyo katika matengenezo, kusugua ndiyo nusu ya kazi. Grenda yenye msasa namba 36 au 40, hadi mng'ao wote uondoke na nyuzi zionekane, kisha asetoni kwa kitambaa kisafi, kitambaa ambacho hakijafuta mashine. Kuna boti ya jamaa yangu iliyofunguliwa Sahare ambayo fundi wa kwanza alikuwa amepaka faiba mpya juu ya rangi ya sakafu. Tuliibandua kwa mikono, ikatoka shuka zima, na chini yake ubao ulikuwa umegeuka kama ugoro uliolowa.

Kuoza kwenyewe kunaanzia maji. Wazee wa pwani wanasema, uendapo tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa maji ni hivyohivyo: ya mvua, ya mawimbi, ya kuoshea samaki, na ya barafu inayoyeyuka, yote yanaishia kati ya stringa. Maji baridi ndiyo yenye madhara zaidi. Kuvu inayoozesha mbao inastawi kwenye maji ya mvua na ya barafu kuliko kwenye chumvi, na mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu kuvu haina nafasi. Jahazi likipandishwa pwani linakaushwa na jua na upepo. Ubao uliofungwa ndani ya faiba hauna pa kutolea maji. Yakishaingia, yanakaa.

Milango ya maji ni miwili mikubwa. Wa kwanza ni matundu ya chini ya stringa, yanayotobolewa ili maji ya ngama yapite kwenda nyuma yakatolewe. Fundi anatoboa ubao akaacha mbichi. Wa pili ni skrubu za sakafu, kwani kila skrubu inatoboa sehemu ya juu ya kofia, ileile inayobeba kazi kubwa, na kuingia moja kwa moja kwenye ubao. Dawa ya mlango wa kwanza ni kutoboa tundu kubwa kuliko unalotaka, kulijaza epoksi (resini inayoshika kuliko poliesta) na kulitoboa tena katikati, au kugandisha kipande cha bomba la plastiki ndani yake. Dawa ya pili ni kugandisha sakafu kwa puti na faiba. Ikilazimu skrubu, toboa, jaza epoksi, iive, halafu toboa tena ndani ya epoksi hiyo.

Kuichunguza boti unayotaka kununua hakuhitaji vyombo vya gharama. Tembea juu ya sakafu ukikanyaga kwa kisigino. Panapobonyea papigie alama. Gonga stringa kwa kishikio cha bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma: nzima inajibu kwa mlio mkavu, iliyooza inajibu kwa kishindo kizito kisicho na mwangwi. Tazama nyufa za jelkoti upande wa nje. Zenye umbo la nyota ni za kugongwa, zilizonyooka sambamba na stringa ni za muundo. Na kama mwenye boti anakubali, toboa tundu dogo ubavuni mwa stringa, usitoboe chini kabisa. Unga ukitoka mkavu na una rangi ya mbao, vizuri. Likitoka tope jeusi lenye harufu ya uvundo, punguza bei sana au ondoka. Tundu lizibwe siku hiyohiyo.

Ukiamua kutengeneza, kwanza ikalishe boti vizuri. Stringa ndizo zinazoshika umbo, na ukizikata zote wakati boti imekaa juu ya magogo mawili, tumbo litashuka, na utagandisha stringa mpya juu ya umbo lililopinda. Weka tegemeo mahali pengi, toa stringa moja, rudisha moja, ndipo ushike nyingine. Ile ya zamani, hata ikiwa vipande, ihifadhi kwa kuchukulia kipimo.

Kuhusu ubao, watu wa Tanga tuna kishawishi chetu: mtiki. Shamba la Longuza liko hapo Muheza, na kila mtu anajua mtiki hauozi. Lakini kinachouzuia usioze ni pamoja na mafuta yake, na mafuta hayohayo yanaikataa resini. Ndani ya faiba, ubao mwepesi na mkavu unaoshikana vizuri una faida kuliko ubao mgumu wenye mafuta. Msonobari uliokauka sawasawa unafaa. Kishawishi cha pili ni ile marini bodi ya dukani, yenye uso mweusi au wa kahawia unaoteleza. Ile ni ya kumwagia zege. Uso wake umetengenezwa zege lisishike, basi na resini nayo haitashika. Jina lake lisikudanganye.

Resini ya poliesta inatosha ikiwa umesugua vizuri. Epoksi inashika zaidi, na kama pesa ipo ningeitumia kwenye maungio ya stringa, ila ujue mambo mawili: poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, kwa hiyo ukianza nayo umalize nayo, na kuna mati ambazo gundi yake inayeyushwa na poliesta tu, hivyo kwa epoksi tumia kitambaa cha kufumwa. Hadina ya poliesta, dawa ya kuivisha resini, ni asilimia 1 hadi 2, na kwa joto letu la mchana ukae karibu na 1. Changanya kidogo kidogo, maana ndoo iliyojaa inajichemsha yenyewe. Tone la hadina likiingia jichoni linaweza kupofua, basi miwani ivaliwe na maji safi yawe karibu. Hadina na kobalti (dawa ya kuharakisha resini iive) visichanganywe moja kwa moja hata kidogo, vinalipuka. Na vumbi la grenda lisivutwe bila barakoa ya maana, kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Kazi ikifika mwisho, kabla sakafu haijafungwa, mwambie fundi akuachie vifuniko vya kuchungulia: kimoja mbele ya ubao wa tezi, kimoja katikati, kimoja karibu na omo. Viwe vya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu kifuniko chenye skrubu nane hakuna atakayekifungua jioni akiwa ametoka baharini na samaki wanasubiriwa mnadani.